Rukia, Msumari na Huruji Mbili

Rukia, mama,

Salamu nimekwisha kukupa mezani, pamoja na ule mnofu wa samaki niliokutolea miiba kana kwamba bado una miaka minne, kwa hiyo hapa nazipita. Mambo ya kuchemsha maji, ya kutoazima taulo ya mtu, na ya kumpigia bibi yako kila Ijumaa nimemwachia mama yako. Ameyaandika kwenye karatasi mbili za daftari, mbele na nyuma, na sikuona pa kuongeza.

Mimi nina neno moja tu. Nitalizungukia kidogo kabla sijalisema, maana ndivyo nilivyo, unanijua. Ila nakuomba barua hii uisome leo kabla hujalala, usiisome kwenye ndege. Ukiwa kwenye ndege hutaweza kunigombeza, na ninastahili kugombezwa. Nimekufanyia jambo bila kukuuliza, tena mara mbili, na yote mawili yanahusu karatasi utakayoionyesha kesho pale uwanja wa ndege.

Nianze na Wajapani, kwa kuwa nyumba hii kila kitu huanza na Wajapani.

Ulikuwa na miaka kumi na mbili. Ulikuja na kikaratasi cha chuo cha mpira cha wasichana kilichofunguliwa jirani na shule yenu, nami nikakwambia shule kwanza. Uongo, mama. Shule haikuwa na neno lolote. Nilikuwa nawaogopa watu wa ghorofa ya pili, wale wenzetu wa Tanga tunaokula nao pilau Ijumaa, watasema nini wakikuona na bukta. Mtu amevuka bahari, amekuja kukaa Shumeisi, hapa Riyadh, katikati ya watu wa mataifa arobaini wasiomjua hata jina, halafu bado anaogopa ghorofa ya pili. Ukakaa mwaka mzima unapiga mpira ukutani kwenye korido. Tup, tup, tup. Nami niko ndani na gazeti, najifanya sisikii. Gazeti lenyewe la Kiarabu, wala silisomi.

Kisha Jumamosi moja asubuhi akaingia dukani kwetu Sulaimaniya mhandisi mmoja wa Kijapani, mkono wa miwani yake umeng'oka. Nikamwambia akae, dakika tano. Akakaa, akatoa simu, akaishika karibu na pua maana bila miwani alikuwa haoni kitu, na kutoka kwenye simu nikasikia sauti ya umati. Nikachungulia. Kazi yangu ni kuwafanya watu waone, na nimejilipa miaka yote hii kwa kuchungulia wanachokiona.

"Nani wanacheza?" nikamuuliza kwa kile Kiarabu changu.

"Wanawake. Kwetu," akasema. Akanivutia kiti.

Msumari mmoja wa skrubu, wa kukaza mkono wa miwani, kazi ya dakika nne, ulinichukua dakika arobaini.

Kulikuwa na kiungo mmoja mdogo, mfupi kuliko wote uwanjani, anacheza mbele ya mabeki. Hakuwa na mbio. Hakuwa na chenga. Lakini nikaona kitu ambacho mtu anayeishi kwa kupima macho lazima akione: kabla mpira haujamfikia, aligeuza shingo akatazama nyuma ya bega lake, mara moja, mara mbili. Mpira ulipofika alikuwa ameshajua nani yuko wapi. Wengine walipokea kwanza ndipo wakaangalia. Yeye aliangalia kwanza, ndipo akapokea. Wakubwa walimgonga, akabaki pale pale alipopigiliwa. Nikamwita Msumari. Jina lake la kweli umelijua wewe baadaye, na hata leo unanicheka ninavyolitamka.

Wiki iliyofuata nikakuandikisha chuo cha mpira. Hukuniuliza kwa nini nimebadili mawazo. Mtoto mwenye akili haiulizi mvua kwa nini imenyesha.

Basi ndivyo tulivyoanza. Kila Jumamosi saa mbili asubuhi, kwao ikiwa mchana, wewe, mimi, chai ya maziwa, maandazi, na simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Kisha mmoja mmoja wakaanza kutoka kwao. Huyu akaenda Uingereza, tukawa tunamfuata alasiri. Yule akaenda Marekani, tukawa tunamfuata baada ya sala ya alfajiri. Mama yako alisema nyumba hii sasa ina saa tatu na hakuna hata moja ya Riyadh.

Watu husifu usafi wao, utii wao, wanavyoinama. Mimi sikuwahi kuvutiwa na hayo. Mwanamke aliyekulia kwa bibi yako Tanga naye hufagia na kuinama, na hakuna anayempiga picha. Kilichonishika ni namna wanavyoondoka.

Unakumbuka siku Msumari alipoaga kwenda Uingereza? Mechi yao ya mwisho nyumbani imekwisha, mashabiki hawakutoka. Akasimama katikati ya uwanja na kipaza sauti, akatoa karatasi, akasoma bila kuinua macho. Hatukuelewa hata neno. Akainama kwa upande huu, akainama kwa upande ule, na yule bibi wa mstari wa mbele mwenye taulo shingoni akawa anapunga mkono kama anafukuza nzi. Wewe ulilia. Mimi nilisema ni vumbi. Riyadh ina vumbi, jambo hilo limenisaidia sana katika maisha.

Msimu uliofuata tukafungua simu, nikaona namba yake mgongoni kwa msichana aliyekuzidi wewe mwaka mmoja tu.

"Hata kiti hakijapoa!" nikasema. "Hawa watu wana moyo kweli?"

Nawe ukasema, huku unachovya andazi, "Baba, wangemwekea namba, kila akikalishwa benchi huko angekumbuka kuna namba inamsubiri."

"Sasa ubaya uko wapi?"

"Angerudi."

"Ndiyo nasema, ubaya uko wapi?"

Ukanitazama vile mama yako hunitazama ninapopima chumvi. Ukachukua andazi jingine.

Na kweli huko Uingereza alikalishwa. Akiingia, anaingia dakika kumi za mwisho, anapiga pasi inakwenda mahali hapana mtu, na umati unaguna. Tulirudisha picha mara tatu, wewe na mimi. Pasi ilikuwa sahihi. Mtu ndiye hakuwepo. Kwao Japani mtu angekuwa amekwisha kufika pale. Nikampa miezi sita atakuwa amerudi. Ikapita, nikampa mwaka. Nilikuwa namhesabia kama mfungwa anayehesabia mwenzake.

Sasa nije Jeddah.

Unaijua habari ya Jeddah upande wa ndani. Nikupe ya upande wa nje. Shangazi yako Zaituni alipotuita kwenye ule mchuano wa wanawake wa Afrika Mashariki, tulipanda basi usiku mzima, ukacheza na mabegi bado yako mlangoni kwa shangazi. Uwanja wa kukodi, zamu ya wanawake, kwa hiyo wanaume nje. Halali kabisa. Wakauzungushia turubai la kijani. Basi mimi, mtu anayefuatilia ligi za mabara matatu, mchezo wa kwanza mkubwa wa mwanangu nimeuona kupitia tundu la turubai, tena tundu lenyewe liko chini, lazima uchuchumae. Nilichoona ni miguu. Dakika sitini za miguu. Viatu vyako vyenye kamba za njano nilivifuata kama mtu anayefuata sungura kwenye majani.

Mlinda mlango wenu, Nyambura, yule dada wa Kenya anayefanya kazi za ndani kule Jeddah na aliyeomba Ijumaa yake kwa madam wiki tatu kabla, ndiye aliyenikamata.

"Aki kuna jicho kwa hii fensi!" akapiga kelele. "Wewe mzee! Hiyo jicho tunaiona! Toa ama niirushie mpira!"

"Ni baba yake Rukia!" shangazi yako akajibu kutoka upande wa pili.

"Hata kama! Basi atoe moja abaki na ingine!"

Wanawake wakaangua kicheko, nikasogea. Baada ya dakika mbili nikarudi. Nikamsikia tena akikupigia wewe kelele: "Yalla mtoto, wachana na huyo, huyo ni mzito ka fridge! Mpite!" Ukampita. Miguu yako nilishaijua, nikaona ikipita.

Mchezo ulipokwisha akatoka yule mwanamke mwenye baibui jeusi na raba, kocha wa timu moja ya Tanzania aliyekuja umra, akanikuta bado nimechuchumaa.

"Mzee, wewe ndiye baba wa namba nane?"

Nikasimama, nikajikung'uta. "Ndimi."

"Anatazama nyuma kabla hajapokea. Watoto wa umri wake hawafanyi hivyo. Nani kamfundisha?"

"Mjapani."

"Mna kocha Mjapani Riyadh?"

"Hapana. Tuna simu."

Hakucheka. Akaniambia timu yake inatafuta kiungo, kuna malazi, kuna chuo mtu anaweza kusoma, na msimu ni miezi tisa. "Mpe ruhusa, mzee."

Nikasema, "Tutaangalia."

Neno hilo, Rukia, nitakwambia nimelitoa wapi. Nilitoka Tanga nikamwambia bibi yako ni miaka miwili. Akasema, kitanda chako sikigusi. Na hakukigusa. Mwaka wa tatu akaniuliza lini, nikasema tutaangalia, mwakani. Nikasema hivyo mwaka wa nne, wa saba, wa kumi na mmoja. Kila nilipokwenda likizo nilikuta shuka zile zile zimetandikwa, na nguo zangu za ujana zimekunjwa, hazinitoshi. Nilikuwa nalala pale kama mgeni wa marehemu. Nikirudi huku, nako sikufika. Umewahi kujiuliza kwa nini dirisha la sebuleni lilikuwa na shuka badala ya pazia mpaka ulipofika darasa la sita? Mtu anayeondoka mwakani hanunui pazia. Kwa nini Kiarabu changu ni cha kununulia nyanya tu? Mtu anayeondoka mwakani hajifunzi vitenzi. Kafili wangu, aliyenidhamini nchi hii, mtu mwema, aliniambia siku moja, "Bakari, umekaa kwangu miaka kumi na tano na bado unasimama kama mtu anayengoja teksi." Nilicheka. Nilipofika nyumbani sikucheka.

Simlaumu bibi yako. Alinipenda, akaniwekea nafasi. Nakueleza tu ladha yake, kwa sababu ninakujia kwenye neno langu.

Ulipokubaliwa na timu ya yule kocha, nikasema haya, nitashughulikia karatasi. Wewe uko kwenye ikama yangu, kibali changu cha kuishi hapa, na mtu aliye kwenye ikama ya baba yake hatoki nchi hii mpaka baba amkatie huruji, ruhusa ya kutoka. Kuna huruji mbili, unajua. Kuna ya kutoka na kurudi, ina siku zake, zikiisha uwe umerudi. Na kuna nihai, ya mwisho: unatoka, ikama yako inakufa, ukitaka kuja tena unakuja kama mgeni mwingine yeyote, kwa viza ya matembezi au ya umra. Wewe uliomba nini? Uliniambia mbele ya mama yako, kwenye zulia hili: "Baba, nihai. Nataka nikiwa kule niwe kule." Nikasema sawa.

Nikaenda dukani, nikafungua ile programu ya serikali kwenye simu, nikakukatia ya kurudi. Miezi miwili.

Nilikuwa na sababu nzuri, mimi sikosi sababu. Nilijiambia mtoto hajawahi kukaa Tanzania, akiugua je, akichekwa je. Lakini nikiwa nasafisha lenzi za mteja nilijua hesabu yangu ya kweli. Miezi miwili ikifika katikati ya msimu, ungelazimika kuchagua: urudi Riyadh na kumwacha kocha na shimo katikati ya uwanja, au ubaki, uandikwe kwamba ulitoka hukurudi, na mlango wa kuja huku kwa mama yako uwe mzito kwako kuliko ulivyo kwa mgeni. Nilijua ungerudi. Huwezi kumfungia mama yako mlango. Na ukisharudi, nani anajua, labda ungekaa. Nilikufungia mahali unapopenda, ili usione kamba. Hilo ndilo la kwanza.

Ukafunga begi, ukaaga wenzako, ukamgawia jirani vitabu vyako, yote kwa kuamini nihai. Mimi nakunywa chai.

Kilichonigeuza si dhamira. Ningependa iwe dhamira, ingenipendeza zaidi kuandika. Kilichonigeuza ni Jumamosi ya wiki mbili zilizopita, alasiri, Msumari alipoanza mechi tangu dakika ya kwanza. Unakumbuka. Beki mwenzake mmoja, lile jitu lenye nywele nyekundu, lilichelewa kufika kwenye pasi yake. Msumari akasimama. Akainua kidole, akamwonyesha pale, pale! na kinywa kimefunguka mpaka tukaona meno ya nyuma. Jitu likatikisa kichwa, likaenda. Mara nyingine pasi ile ile, na jitu lipo.

"Baba!" ukasema. "Msumari anafoka!"

Ukacheka hadi chai ikakupalia. Yule yule aliyesoma kwaheri kwenye karatasi bila kuinua macho. Nami nikagundua kwamba sikufurahi. Nilichukizwa, Rukia. Miaka mitatu nilikuwa nangoja ashindwe, arudi, nionekane nilisema kweli. Mtu asiyejua hata kama mimi nimezaliwa, nimemwekea kinyongo kwa sababu amefika. Nikakutazama wewe ukijipangusa chai puani. Nikaona aibu ya kutosha kunitoa kwenye kiti.

Nikaenda jikoni na simu, nikamwonyesha mama yako. Alikuwa anachambua mchele. Akasoma, akarudisha macho kwenye ungo.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Ulivyoanza kumtolea mtoto miiba ya samaki. Baba Rukia, umemfunga mtoto kamba ya mbuzi."

"Ni ndefu."

"Mbuzi naye huambiwa hivyo."

"Nilitaka awe na pa kurudi."

"Pa kurudi anapo. Hapa. Wewe umemtafutia siku ya kurudi." Akapuliza makapi. "Ifute."

Nikaifuta pale pale, kidole kimoja, halas. Nikaomba nihai. Simu ikakataa. Pasipoti yako tuliyoibadilisha mwezi wa nne namba yake mpya haikuwa imeingizwa, na bila hiyo hakuna nihai. Sasa hukuwa na ya kurudi wala ya mwisho. Tiketi unayo, begi unalo, kocha anakungoja, na baba yako mwerevu amekuacha bila ruhusa ya kutoka nje ya nchi.

Siku zile nilizokuwa naondoka asubuhi na kukwambia nafuatilia lenzi za mteja, nilikuwa kwenye ofisi moja, sitaitaja, nimeshika namba kwenye foleni. Siku ya kwanza nilichelewa, dirisha likafungwa. Siku ya pili karani, kijana mpole kabisa, akaniambia, "Sistem mafi, ya ami. Bukra." Yaani mtandao hakuna, njoo kesho. Kesho yake nikaja. Mtandao bado haupo. Ulinikuta jioni navua viatu ukaniuliza, "Baba, huyo mteja ana macho mangapi?" Nikasema manne. Uso wako ulikuwa na wasiwasi, ukidhani naumwa, kwamba naenda hospitali kwa siri. Ulimuuliza mama yako, akaniambia. Samahani kwa hilo pia, liweke kwenye orodha.

Siku ya nne nilikaa tena mbele ya kijana yule. Miwani yake ilikuwa imepinda, jicho la kulia liko juu ya jingine, na kila alipotazama kioo aliinamisha kichwa kama kuku anayesikiliza. Siku mbili nilikuwa nimejizuia. Siku ya nne nikashindwa. Nikamwomba anipe, nikatoa bisibisi yangu ndogo mfukoni, nikainyoosha, nikaifuta, nikamrudishia. Akavaa. Akatazama kioo cha kompyuta, akatazama ukuta, akanitazama mimi.

"Mashallah," akasema.

Sisemi mtandao ulirudi kwa sababu ya miwani. Nasema tu ulirudi. Akaingiza namba, akanirudishia pasipoti yako kwa mikono miwili. Na leo, baada ya alasiri, nikiwa dukani namfungia bibi mmoja fremu, simu ikalia: nihai imetoka. Nilikaa chini kwenye kile kiti cha wateja. Bibi akaniuliza kuna msiba? Nikamwambia hapana, mwanangu anaondoka. Akanipa pole. Nikamwambia hapana, bibi, nipe hongera, na nikashangaa kwamba sikuwa nasema uongo. Tangu ulipokubaliwa sikuwa nimepumua mpaka chini kabisa, mama. Leo nimepumua.

Nikaja nyumbani nimejaa fahari, nikamwambia mama yako yamekwisha. Akasema, "Alhamdulillahi. Na mara hii umemuuliza?"

Unaona nilivyo. Nimekufunga bila kukuuliza, nimekufungua bila kukuuliza, mara zote mbili natembea Sulaimaniya kama mtu aliyefanya jambo kubwa. Mwezi mzima umepita tangu uliposema nihai kwenye zulia. Mtu wa miaka kumi na tisa aweza kugeuka mara tatu ndani ya mwezi, na ni haki yake. Hilo ndilo la pili, na ndiyo maana naandika badala ya kulala.

Kwa hiyo, nihai ipo, nimeichapisha, iko ndani ya bahasha hii. Mpaka afisa atakapogonga muhuri kesho, inaweza kufutwa, na ya kurudi ikakatwa upya, ya miezi mingapi utakayotaka. Simu yangu iko juu ya meza, namba ya siri unaijua. Ukitaka kubadili, nigongee mlango, hata saa ngapi. Sitauliza kwa nini, na sitafurahi mbele yako. Nikifurahi nitafurahi chumbani. Ukitaka ibaki ilivyo, usigonge.

Ukienda, mawili matatu niliyoyaona, uyachukue au uyaache. Watakuita Mwarabu. Kiswahili chako kina yalla na halas ndani yake, na unakula wali kwa namna ya huku. Msumari alitoka kwao kwenda ugenini, kila mtu akamsamehe kuwa mgeni. Wewe unatoka ugenini kwenda kwenu, na huko hakuna atakayekusamehe, watadhani unaringa. Utapiga pasi, mtu hatakuwepo. Pasi inaweza kuwa sahihi na wewe bado ukawa na kazi ya kumwonyesha mtu mahali pa kusimama. Mimi sikuwahi kumwonyesha mtu yeyote nasimama wapi, nimekwisha kukueleza matokeo yake.

Na ukitaka kurudi siku moja, rudi. Yule wetu mwingine, tuliyemwita Mwalimu, alirudi Japani kutoka Marekani umri umekwenda, akaenda timu ndogo ya mji mdogo, nami nikasema amekwisha. Kisha kamera ikamwonyesha benchini anacheka na watoto, amevaa koti kubwa, anakula kitu. Hakuna aliyemvuta. Alikuja kwa miguu yake, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyekuja kwa miguu yake. Nataka nikuone hivyo mlangoni hapa, na viza ya mgeni mkononi, hata kama ni kwa wiki mbili.

Kesho nitakupeleka mimi, mama yako atakaa nyuma na wewe. Kwenye kile kidirisha afisa atachukua ikama yako, ataangalia kioo, halafu atakuuliza, "Nihai?" Wote hutuuliza. Wanawake wengi waliokuwa chini ya ikama za waume na baba zao hugeuka nyuma kumtazama mwanamume aliyewasindikiza, nimeona, nami nitakuwa nimesimama pale pale nyuma ya mstari.

Usigeuke. Mjibu wewe.

Baba yako,
Bakari